Wauguzi wa angani wakati wa vita: urafiki wao ulitoka wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, niko Mbeya. Ninapoandaa insha ya historia ya taaluma yetu nimekutana na habari za wauguzi 13 wa jeshi la Marekani ambao ndege yao ilianguka Albania mwaka 1943, na karibu kila nilichosoma kinasema walikuwa kama watoto wa tumbo moja. Je, urafiki wa wauguzi hao wa angani ulikuwa wa kweli, au magazeti ya vita yaliupamba? Na kama ulikuwa wa kweli, ulitokana na nini hasa? Methali inasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Je, inatosha kueleza jambo hili?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuchagua mada ambayo wanafunzi wengi huiruka wakikimbilia kwa Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nilieleze. Urafiki ule ulikuwa wa kweli, na magazeti yaliupamba vilevile. Mambo hayo mawili hayapingani. Lakini methali uliyoitaja inaeleza sehemu ndogo tu, kwa sababu katika saa ya dhiki yenyewe muuguzi wa angani kwa kawaida hakuwa na rafiki yake karibu. Alikuwa peke yake ndani ya ndege, na rafiki yake alikuwa ndani ya ndege nyingine, au hemani akisubiri. Kisa cha Albania, ambamo wauguzi 13 walijikuta pamoja katika ndege moja, ni kisa cha pekee kabisa, na ukikifanya msingi wa insha yako bila kuueleza upekee huo utampotosha msomaji. Kwa maoni yangu kilichowaunganisha wanawake wale zaidi ya jambo lolote ni upweke wa kazi yao: kila mmoja alijua kwamba yaliyomfika angani yangeweza kueleweka tu na mwenzake aliyepita njia ile ile siku iliyotangulia.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, ni lazima uifahamu kazi ilivyopangwa. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilikuwa na mashaka makubwa kama mgonjwa mahututi anaweza kusafirishwa mbali kwa ndege, na mashaka makubwa zaidi kama mwanamke anafaa kumsindikiza. Jambo la kushangaza ni kwamba mashirika ya ndege za abiria yalikuwa yamekwisha kujibu swali hilo la pili. Mwaka 1930 Ellen Church, muuguzi aliyekuwa na hamu ya kurusha ndege, aliwashawishi wakuu wa shirika la ndege la Boeing Air Transport kuwaajiri wauguzi kuwahudumia abiria, na kwa miaka kadhaa baadaye mhudumu wa ndege nchini Marekani alitakiwa kwanza awe muuguzi. Church mwenyewe alijiunga na jeshi vita vilipopamba moto, akahudumu kama muuguzi wa angani Afrika Kaskazini, Italia, Uingereza na Ufaransa.

Jaribio lililowanyamazisha wenye mashaka lilifanyika Januari 1943. Elsie Ott, muuguzi wa jeshi aliyekuwa Karachi, aliambiwa siku moja tu kabla ya safari kwamba atawasindikiza wagonjwa watano kwa ndege hadi Washington. Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo waliopooza, mwenye kifua kikuu na mwenye ugonjwa wa akili, daktari hakuwamo. Ndege ilivuka bara letu, ikatua Khartoum na Accra miongoni mwa vituo vingine, ikavuka Atlantiki hadi Brazil, na baada ya siku sita na nusu wagonjwa wote watano walifika salama katika safari ambayo kwa meli ingechukua miezi mitatu hivi. Ripoti aliyoiandika baadaye imejaa mambo ya vitendo: oksijeni iwepo, vifaa vya kufungia vidonda viongezwe, blanketi na kahawa viongezwe, na sketi zisitumike kwa kazi hiyo. Machi mwaka ule ule alitunukiwa nishani ya Air Medal, mwanamke wa kwanza wa jeshi la nchi kavu la Marekani kuipata. Naitaja ripoti hiyo kwa sababu ndani yake unaona mbegu ya jambo ninalotaka kulieleza: muuguzi wa kwanza kuifanya kazi hii aliifanya bila mwenzake yeyote wa kumuuliza, na alipotua kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuwaandikia watakaomfuata.

Mwezi uliofuata, tarehe 18 Februari 1943, darasa la kwanza rasmi lilihitimu katika shule iliyokuwa Bowman Field, jimboni Kentucky. Jeshi lilikuwa limesahau kutengeneza beji za wauguzi wa angani, kwa hiyo Jenerali David Grant, mganga mkuu wa jeshi la anga, alichomoa beji yake mwenyewe kifuani akambandika Geraldine Dishroon, aliyekuwa wa kwanza darasani. Shuleni hapo walifundishwa kupakia machela, kujiokoa ndege ikianguka ardhini au majini, kuishi porini, kusoma ramani, na fiziolojia ya mwili ulio juu angani. Wengi husema urafiki ulianzia katika mafunzo hayo. Sina ubishi, ila urafiki wa shuleni kila mtu anao, na mwingi wake huyeyuka. Uliodumu ulitengenezwa baadaye, vikosini.

Kikosi kimoja cha kuhamisha majeruhi kwa ndege kiligawanywa katika vikundi vinne, na kila kikundi kilikuwa na daktari mmoja, wauguzi sita na askari wasaidizi wa tiba sita. Daktari alibaki chini, akichagua nani asafirishwe na nani asubiri. Ndani ya ndege alipanda muuguzi mmoja na askari msaidizi mmoja, na majeruhi waliofikia 24 wakiwa juu ya machela zilizopangwa kwa ngazi kando ya kuta. Ndege yenyewe, mara nyingi C-47, ile ambayo Waingereza waliiita Dakota, ilikwenda mbele ikiwa imebeba risasi, petroli au wanajeshi, na kurudi na majeruhi. Kwa kuwa ilibeba zana za vita haikuruhusiwa kuchorwa msalaba mwekundu, na kwa sheria za vita adui alikuwa na haki ya kuitungua.

Sasa mtazame muuguzi katika mpangilio huo na ujiulize angefanya urafiki na nani. Marubani walibadilika karibu kila safari. Majeruhi aliowahudumia asubuhi walikuwa wameshushwa kufikia jioni, na mara nyingi hakusikia tena kama walipona au walikufa. Askari msaidizi, aliyekuwa mtu wa karibu naye zaidi kikazi, hakuwa ofisa, na kanuni za jeshi ziliweka ukuta kati ya maofisa na wasio maofisa hata katika meza ya chakula. Muuguzi alikuwa na cheo cha ofisa, ingawa hadi mwaka 1944 cheo hicho kilikuwa na mapungufu ambayo maofisa wanaume hawakuwa nayo. Aliyebaki ni muuguzi mwenzake, wa cheo kile kile, kazi ile ile na hema lile lile. Hata huyo hakuonana naye kila siku, kwa sababu walikwenda kwa zamu, na wewe ukirudi yeye amekwisha kuondoka.

Upweke huo ulikuwa na uzito gani? Chukua kisa cha Mary Louise Hawkins, ambacho binafsi nakiona kuwa somo bora la uuguzi kuliko visa vyote vya vita vile. Tarehe 24 Septemba 1944 alikuwa akiwasindikiza majeruhi 24 kutoka Peleliu kwenda Guadalcanal, katika Pasifiki, ndege ikapungukiwa mafuta na kulazimika kutua kwa kishindo katika kisiwa kidogo cha Bellona. Kipande cha panga la injini kilipasua ubavu wa ndege na kumkata mgonjwa mmoja koromeo. Hakukuwa na daktari wala mashine ya kufyonza damu. Hawkins alichukua bomba la sindano kubwa, mrija wa tumbo na mrija wa kujazia hewa boya la kujiokolea, akaviunganisha kuwa kifaa cha kufyonzea, na akaiweka njia ya hewa ya mgonjwa huyo wazi kwa saa 19 hadi msaada ulipofika. Majeruhi wote 24 walifika. Hapo hakuwepo rafiki wa kumfaa kwa dhiki. Alikuwepo muuguzi mmoja na akili yake.

Lakini akili hiyo nayo haikutoka hewani. Ndege za wakati ule hazikuwa na mfumo wa kudhibiti kanieneo ya hewa ndani, na kadiri zilivyopanda juu ndivyo gesi ilivyopanuka ndani ya miili ya majeruhi: tumbo lililoshonwa jana lilivimba, hewa iliyonaswa ndani ya kifua iliyabana mapafu, kiungo kilichofungwa plasta ngumu kilivimba hadi damu ikakosa njia, ndiyo maana plasta ilipaswa kupasuliwa kabla ya safari. Mwenye taya lililofungwa kwa waya angeweza kusongwa na matapishi ndege ikiyumba, kwa hiyo ilibidi chombo cha kukata waya kiwe mkononi, si ndani ya sanduku. Wauguzi wa ndege wa AMREF pale uwanja wa Wilson, Nairobi, shirika ambalo limekuwa likiruka na wagonjwa tangu mwaka 1957, watakuambia kwamba sehemu kubwa ya hayo ingali ndiyo hofu yao ya kila safari. Mwaka 1943 vitabu vya mambo haya vilikuwa vichache, na vilivyokuwepo viliandikwa na madaktari waliokuwa chini. Maarifa yalitembea kutoka kitanda hadi kitanda hemani usiku. Aliyerudi alimweleza anayeondoka kesho: uwanja fulani una vumbi linaloingia katika vidonda, rubani fulani anasikia ukimwomba ashuke chini kidogo, mgonjwa wa kifua msogeze karibu na mtungi wa oksijeni kabla injini hazijawashwa.

Wewe unayajua makabidhiano ya zamu wodini, na unajua kwamba ukikabidhiwa vibaya mgonjwa anaweza kuumia. Kwa wauguzi wa angani makabidhiano hayo ndiyo yaliyokuwa urafiki wenyewe kwa sehemu kubwa. Kumwambia mwenzako ukweli wote wa safari yako, pamoja na pale ulipobabaika, kulikuwa ni kumlinda. Nakubali kwamba hili ni jambo kavu kuliko picha ya wasichana waliokumbatiana mbele ya ndege, lakini nadhani ndilo lililofanya kazi. Kumbukumbu rasmi za jeshi la Marekani zinasema kwamba katika wagonjwa 1,176,048 waliosafirishwa kwa ndege wakati wa vita vile, 46 tu ndio waliofia njiani. Idadi ya wauguzi walioifanya kazi hiyo ilikuwa kama 500.

Sehemu ya pili ya urafiki huo ilikuwa kusubiri. Kati ya wauguzi hao 500 hivi, 17 walipoteza maisha, yaani karibu mmoja katika kila 30, na kila kikosi kilijua kwamba orodha ya zamu inaweza kubaki na pengo. Aleda Lutz, msichana kutoka Freeland, Michigan, alikuwa na kikosi cha 802 tangu Afrika Kaskazini. Alifanya safari 196 na kuwahamisha majeruhi zaidi ya 3,500, na tarehe 1 Novemba 1944 ndege yake ilianguka karibu na Lyon, Ufaransa, akafa yeye na wote waliokuwamo. Alitunukiwa nishani ya Distinguished Flying Cross baada ya kifo chake, na meli ya hospitali ikapewa jina lake. Wenzake wa kikosi cha 802 waliendelea kuruka, wakipanda ndege za aina ile ile. Kwa watu waliozoea kusikia mlio wa injini na kuhesabu ndege zinazorudi, kila aliyeingia hemani jioni akiwa mzima alikuwa amerudishwa kwao, na sidhani kama mtu aliyeishi hivyo kwa mwaka na nusu anaweza kuwa na uhusiano wa juujuu na mwenzake.

Baada ya kuyasema hayo, naweza kurudi Albania nikiwa na amani. Tarehe 8 Novemba 1943 ndege ya aina ya C-53 iliondoka Catania, Sicily, kwenda Bari, upande wa pili wa Italia. Hali ya hewa mbaya ilikuwa imezuia safari kwa siku kadhaa, majeruhi walikuwa wanarundikana Bari, na ndiyo maana kikosi cha 807 kiliwapakia watu wake wengi kwa pamoja: wauguzi 13, wasaidizi wa tiba 13, na rubani na wenzake wanne kwa jumla walioiendesha ndege, jumla watu 30. Dhoruba iliwapoteza njia. Walijaribu kutua katika uwanja mmoja, wakakuta uko mikononi mwa Wajerumani, wakafyatuliwa risasi, na mwishowe wakatua kwa kishindo katika bonde lenye matope ndani ya Albania. Hakufa mtu. Safari ya saa chache kwenda Bari iliishia kuchukua miezi miwili.

Ukisoma kwa makini utaona kwamba hata huko watu 30 hawakuwa kundi moja kwa muda mrefu. Hakukuwa na nyumba ya mkulima wa milimani ambayo ingeweza kuwalisha watu 30, kwa hiyo kila walipofika kijijini waligawanywa wawili hapa, watatu pale, na wenyeji waliowapokea walijua kwamba Wajerumani wakigundua, nyumba inaweza kuchomwa moto. Wenyeji hao walikuwa maskini, na nchi yenyewe ilikuwa imegawanyika, wapiganaji wa kikomunisti upande mmoja na wazalendo wa Balli Kombëtar upande wa pili, wakipigana wao kwa wao. Wageni walikula mkate wa mahindi, walipata chawa, waliharisha, wengine walipata manjano, na viatu vyao vikachakaa katika theluji. Katika hali kama hiyo watu hugombana, wakagombana pia hawa: nani anatembea polepole, nani amekula zaidi, njia ipi ifuatwe, nani ana haki ya kuamua. Nakuomba usiyafiche hayo katika insha yako. Urafiki usiokuwa na ugomvi katika mwendo wa miezi miwili wa njaa na baridi ndio ambao ningeutilia shaka.

Katikati ya Novemba walikuwa Berat, Wajerumani wakaushambulia mji, na kila mtu akakimbia kwa njia aliyoiona. Wauguzi watatu, Helen Porter, Wilma Lytle na Ava Maness, waliachwa nyuma, wakafichwa katika nyumba moja mjini humo. Wenzao kumi waliendelea milimani wakiwa hawajui kama watatu hao wamekufa, wametekwa au wamejificha. Maofisa wa siri wa Uingereza waliwapata walioko milimani na kuwaongoza kuelekea pwani. Tarehe 29 Desemba ndege za waokoaji zilikuja hadi juu ya uwanja ulio karibu na Gjirokastër zikilindwa na ndege za kivita, lakini Wajerumani walikuwa karibu mno, na ofisa aliyekuwa na kundi hakuthubutu kutoa ishara. Ndege zikazunguka, zikaondoka. Watu hao wakaanza tena kutembea. Tarehe 9 Januari 1944 watu 27 walifika Bari kwa boti, wakati wale watatu wa Berat walitolewa mwezi Machi kwa msaada wa Kapteni Lloyd Smith wa idara ya ujasusi ya Marekani.

Kwangu mimi wale watatu ndio kiini cha kisa hiki, ingawa masimulizi mengi huwapitia haraka kwa sababu hawakuvuka milima. Miezi minne ndani ya nyumba ya watu, bila kutoka, bila lugha ya kuzungumza vizuri na wenyeji, huku adui akipita barabarani: hapo methali yako inakaa mahali pake kabisa, maana dhiki ilikuwapo na wenzake walikuwapo.

Kisha likaja jambo ambalo nadhani liliwafunga pamoja kuliko hata safari yenyewe. Waliporudi waliamriwa wasiseme. Majina ya wanakijiji, njia zilizopitwa na maofisa waliosaidia vilikuwa siri, kwa kuwa Wajerumani walikuwa bado Albania. Na baada ya vita nchi hiyo iliingia chini ya utawala wa kikomunisti wa Enver Hoxha, ambamo kuwa umemficha Mmarekani kungeweza kumletea mtu balaa. Kwa hiyo mtu aliyerudi kwa mama yake Marekani, akiwa amekonda na kubadilika, hakuweza kumweleza mama yake alikokuwa. Aliyeweza kuzungumza naye kwa uhuru ni yule waliyetembea pamoja. Agnes Jensen, mmoja wa wale kumi, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1999, zaidi ya nusu karne baadaye. Hapo unaweza kuona kwa nini barua na ziara za wazee hawa zilidumu hivyo: siri ya pamoja ilikuwa imewageuza kuwa maktaba pekee ya maisha yao wenyewe.

Ukitaka kulipima wazo hili, litazame kwa upande wa pili, kwa Reba Whittle. Tarehe 27 Septemba 1944 alikuwa akienda kuchukua majeruhi wakati ndege yake ilipotunguliwa karibu na Aachen, Ujerumani. Alijeruhiwa, akatekwa, akawa mwanamke pekee wa jeshi la Marekani kushikwa mateka wa vita na Wajerumani katika vita vya Ulaya. Wajerumani hawakujua wamweke wapi, wakampeleka kuwauguza mateka waliojeruhiwa katika hospitali za kambi, alikofanya kazi hadi alipoachiliwa Januari 1945. Naye pia aliamriwa kunyamaza. Tofauti ni kwamba hakuwa na muuguzi mwenzake hata mmoja aliyeshiriki yale aliyoyaona. Jeshi halikumtambua rasmi kuwa alikuwa mateka wa vita hadi mwaka 1983, na alikuwa amefariki mwaka 1981. Sidai kwamba kuwa na rafiki mateka mwenzake kungebadilisha mafaili ya jeshi, lakini watu 13 wanaosimulia jambo moja ni vigumu kuwapuuza, na mtu mmoja ni rahisi.

Sasa kuhusu magazeti. Mfano bora ni wa Uingereza. Tarehe 13 Juni 1944, wiki moja baada ya majeshi kutua Normandy, wasichana watatu wa jeshi la anga la Uingereza, Lydia Alford, Myra Roberts na Edna Birkbeck, walirushwa kwenda Ufaransa kuchukua majeruhi, kila mmoja katika Dakota yake. Waandishi wa habari walikuwapo, na haukupita muda magazeti yakawa yanawaita Flying Nightingales, yaani akina Nightingale warukao. Hawakuwa wauguzi waliosajiliwa. Walikuwa wahudumu wa wodi waliopewa mafunzo mafupi, wa vyeo vya chini na mshahara mdogo, na hawakubeba parachuti kwa sababu majeruhi hawakuwa nazo. Magazeti yaliwapiga picha, yakawasifu, kisha yakawasahau. Ilikuwa mwaka 2008 ndipo saba waliokuwa bado hai walipokabidhiwa tuzo na Camilla, wakati huo Duchess wa Cornwall. Kati ya picha zile za 1944 na tuzo ile kuna miaka 64 ambayo hakuna mwandishi aliyewatafuta, na urafiki uliodumu katika kipindi hicho haukuwa na mtu wa kuupambia. Ukitafuta ushahidi, kitazame kipindi hicho cha ukimya kuliko picha.

Nikuonye pia usifanye kana kwamba wote walibaki marafiki. Wengine waliolewa, wakahamia mbali, na hawakutaka kusikia tena habari za vita. Wengine hawakuweza kuiacha kazi: Lillian Kinkella Keil, aliyekuwa mhudumu wa ndege za abiria kabla ya vita, alifanya safari 250 za kuhamisha majeruhi katika Vita Kuu ya Pili, akarudi kazini kwa amani, kisha vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 akavaa tena sare na kuongeza safari 175. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na mamia ya watu wanaomkumbuka na marafiki wachache tu wa karibu.

Kwa insha yako, basi, ningekushauri usianze na kundi la watu 13. Anza na ndege moja, muuguzi mmoja na majeruhi 24, umweleze msomaji kazi ilivyokuwa, kisha umrudishe muuguzi huyo hemani na uulize anamkuta nani. Albania iweke baadaye, na uwape wale watatu wa Berat nafasi kubwa kuliko wanayopewa kwa kawaida. Kama mwalimu wako atauliza jambo hili linatuhusu nini sisi wa huku, mkumbushe kwamba kuhamisha majeruhi kwa ndege lilikuwa jambo la kawaida katika Jeshi la 14 la Uingereza lililopigana Burma mwaka 1944, na kwamba askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wa kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, walikuwamo katika jeshi hilo. Ikiwa katika ukoo wenu au kwa majirani kuna familia ya askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku, aliyerudi kutoka Burma akiwa na jeraha, waulize aliwahi kusimulia alitolewaje msituni na nani alikuwa naye ndani ya ndege. Majibu ya namna hiyo yameandikwa machache sana kwa Kiswahili, na mwalimu yeyote makini atayapokea kwa furaha katika insha.